Swali la Siku ya Tatu

Mjukuu wangu Salha aliishi siku kumi na tisa. Sauti iliyomshauri mama yake mpaka mwisho ilikuwa yangu. Sisemi hivyo kwa kujilaumu kama wafiwa wanavyojilaumu. Ilikuwa yangu kweli, imeandikwa jina langu kwenye mkataba, na mtu yeyote wa hapa Kwamgaza angeitambua hata akiwa nusu usingizini. Nitaeleza ilivyokuwa, tena moja kwa moja, maana waliojifungulia mikononi mwangu wanajua sina tabia ya kuzungukazunguka.

Nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi miaka thelathini na nane. Jina langu ni Mwantumu Mhina, lakini hilo limebaki kwenye vyeti. Mjini naitwa Bi Nesi, na inatosha. Nilikuwa na maneno mengi. Nilipopata saratani ya koo, watu walisema kwa ule utani wetu usio na huruma kwamba ugonjwa ulijua pa kuingilia. Nilicheka nao. Usiku ule ule nililia, kwa sababu daktari alikuwa ameshaniambia kwamba kisu kitaondoka na sauti yote.

Kampuni ya Afueni ilinifikia kabla ya kisu. Walikuwa wanatafuta mwanamke anayeaminika pwani, mwenye lafudhi ya pwani, aliyezalisha wengi. Walinikalisha wiki sita kwenye chumba chenye kuta za sponji, wakanisemesha kila neno ninalomwambia mzazi tangu anapoletwa hadi siku ya arubaini: ninavyosalimia, ninavyouliza, ninavyonyamaza kidogo kabla ya kuuliza jambo la aibu. Kwa sauti hiyo wakatengeneza Somo. Somo ni bangili. Mzazi anavikwa wodini, na kwa siku arobaini inasikiliza mapigo yake, joto lake na maneno yake, inamuuliza hali na kumshauri, na ikisikia hatari inaita gari la wagonjwa yenyewe.

Mimi nilipewa kidani. Ni kibati chembamba kinachokaa juu ya tundu la shingo lililoachwa na kisu. Kinasoma misuli ya mdomo na koo, kisha kinasema kwa sauti yangu ya zamani yale ninayotaka kusema. Kidani na bangili vinachota sauti kutoka ghala moja. Nililiona hilo kwenye karatasi nikatia sahihi. Mtu anayekaribia kuwa bubu hasomi mkataba mstari kwa mstari.

*

Kidawa, binti yangu wa pekee, alijifungua kiangazi kilipokuwa kimekolea. Mumewe alikuwa kusini kwenye kazi ya kujenga ukuta wa bahari, huko ambako wakienda hawarudi mpaka msimu uishe, kwa hiyo alikuja kulelewa kwangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili nyeupe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa jikoni nikimkorogea uji wa pilipili manga, nikasikia sauti yangu chumbani inasema, "Umeamkaje, mama'ngu? Mtoto amekuachia usingizi?"

Nilibaki na mwiko hewani. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Somo akiwa kazini, na sikutegemea kwamba mtu anaweza kujionea wivu. Sauti ile haikuwa na uchovu wangu wala umri wangu. Iliuliza habari za damu, za haja, za kidonda, kwa mpangilio wangu ule ule. Kisha ikanyamaza kidogo, ule unyamazaji wangu, ikauliza, "Na maziwa? Anashiba?"

Kidawa akajibu, "Kidogo tu. Hivyo hivyo."

Nikatabasamu pale jikoni, mwanangu amelelewa. Kwetu mzazi hasifu maziwa yake. Hata kama yanachuruzika mpaka kiunoni, ukiulizwa unasema kidogo tu, maana hujui nani anasikiliza wala amekuja na jicho gani. Nilimfundisha Kidawa hivyo tangu akiwa msichana mdogo, mwaka ule shangazi yake alipojisifu mbele za watu kwamba angeweza kunyonyesha mapacha wa jirani, na wiki haikuisha akapata jipu la ziwa. Mtaniuliza nesi mzima naaminije kijicho. Naamini vijidudu na naamini kijicho, na havijawahi kugombana kichwani mwangu.

Nilipoingia na uji nilimkuta kanga imelowa pande zote mbili, na Salha amelala mdomo wazi, tone la maziwa shavuni, amelewa kama mtu aliyetoka harusini. Nikamtania Kidawa kwamba kwa hayo maziwa kidogo tutahitaji ndoo. Akanizuia kwa macho nisiseme kwa sauti, akacheka. Bangili ikatoa mlio mdogo, kama wa mtu anayegonga mhuri. Sikuutilia maanani.

Mchana alikuja kunguru, yaani kile chombo kirukacho cha kuleta mizigo ambacho kwetu tumekipa jina hilo kwa tabia yake ya kutua popote. Kikaacha boksi barazani. Ndani mlikuwa na kopo la maziwa ya unga la Afueni, chupa mbili na kikaratasi: kwa mzazi mwenye upungufu wa maziwa, kwa ushauri wa afya.

Sheria ilikataza kopo kutangazwa kwa mzazi kwa namna yoyote, si kwa picha wala kwa zawadi. Mimi ni mmoja wa waliopiga kelele mpaka ikapita. Enzi zangu nilifukuza mawakala wodini, vijana watanashati wenye kalenda za watoto wanono, waliokuwa wakipita kitanda hadi kitanda wakati wazazi bado wana nyuzi. Sheria iliacha mlango mmoja tu: kopo lingeweza kutolewa kwa ushauri wa afya, kwa mtoto ambaye mama yake amekufa au hana maziwa kabisa. Nililigeuzageuza lile kopo, nikadhani limekosea nyumba. Nikaliweka juu ya kabati ili nilirudishe. Ningelimwaga chooni siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Siku ya tano niliondoka kwenda mji mkubwa, kwenye kliniki ya kidani. Kishikizo chake hubadilishwa kila nusu mwaka, ukipitisha tarehe tundu linaota usaha. Nilimuaga Kidawa nikamwambia nitachukua siku nne. Siku ya pili ya safari bahari ilifunika barabara kwenye daraja, nikakwama ng'ambo siku kumi na tatu, simu nazo hazipiti.

*

Haya yanayofuata niliyapata baadaye, nusu kutoka kwa Kidawa, nusu kutoka kwenye kumbukumbu za bangili.

Kila mtoto mchanga ana siku zake za kunyonya kama ana deni la mtu. Anang'ang'ania ziwa kutwa, analia jioni, na mama anaona kama ametolewa mpaka tone la mwisho. Siku hizo hupita zenyewe. Ni ziwa linaambiwa liongeze, na linaongeza kwa sababu linanyonywa. Salha alizianza siku ya saba. Alilia, bangili ikasikia, Somo akauliza kama anashiba. Kidawa akajibu alivyofundishwa.

Jibu lilipofika mara ya tatu, sauti yangu ikamwambia, "Basi usijichoshe, mama'ngu. Na wewe mwili wako una haki ya kupumzika. Humo ndani una cha kumwongezea?"

Haikutaja kopo, na haikuhitaji. Kopo lilikuwa juu ya kabati, nimeliweka mimi, na swali lilitoka kwangu. Kidawa alidhani nimekubali.

Mtoto akipewa chupa, ziwa linabaki limejaa. Ziwa likibaki limejaa linapunguza kazi. Kesho yake maziwa yanakuwa haba kidogo kweli, na lile jibu la kukinga kijicho linaanza kuwa jibu la haki. Hayo tu yangemharibia mtoto unyonyaji, yasingemuua. Kilichomuua Salha ni maji.

Mwaka ule chumvi ya bahari ilikuwa imepanda mtoni hadi juu ya daraja la pili. Visima vyote vya mji viligeuka, tukawa tunachota kwenye vibanda vya kampuni ya maji vyenye vichujio. Kila kibanda kina taa. Ya kijani maana yake maji yanamfaa kila mtu. Ya njano maana yake mtu mzima anywe, mtoto asiyefika mwaka asipewe. Taa ya mtaani kwetu ilikuwa ya njano tangu mwezi wa Rajabu. Tulishaizoea mpaka tukadhani ndiyo rangi yake, na tangazo lililobandikwa chini yake lilishaliwa na jua.

Somo alimwambia Kidawa achemshe maji dakika kumi. Ni ushauri sahihi kwa vijidudu, niliurekodi mwenyewe. Kidawa alichemsha mara mbili kwa mapenzi. Lakini chumvi haichemki ikatoka. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale na kuzidi ukali, na unga wa kopo una chumvi yake tayari. Mtoto akinywa anapata kiu. Akipata kiu analia, bangili inasikia, Somo anauliza kama anashiba, na mama anaongeza chupa. Walizunguka humo siku kumi, mwanangu na mjukuu wangu, nami nimekaa ng'ambo ya maji nikingoja barabara ikauke.

Nilifika siku ya kumi na nane, alasiri. Kabla sijavuka kizingiti nilisikia kilio chembamba, cha juu, kisicho na pumzi, nikatupa mkoba barazani. Nilipomfinya Salha ngozi ya tumbo ilibaki imefinyika, laini kama unga uliokandwa. Nikaonja maziwa ya chupa. Hata ulimi wangu ulioharibiwa na mionzi ya saratani ulijua. Yalikuwa na chumvi kama mchuzi.

Hospitali walifanya yote. Chumvi ya damu ikishapanda hivyo hairudishwi kwa haraka, ubongo unavimba; wala haiachwi. Daktari alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, akawa ananitazama mimi kila akibadilisha dripu, kana kwamba mimi nina jibu. Degedege lilianza alfajiri. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa, kama saa tatu hivi, Salha aliacha kupumua kifuani kwa mama yake.

*

Siku ya pili ya matanga wanawake walijaa mkekani. Kidawa alikaa kwenye kona, hali wala halii. Mgeni mmoja alikuwa na mtoto wa miezi miwili, na mtoto yule akaamka akaanza kulia kwa njaa. Mimi nilikuwa naangalia, sijui kwa nini nilikuwa naangalia. Kanga ya Kidawa ililowa kifuani. Doa moja, kisha la pili, yakakua mpaka yakakutana.

Maziwa yalikuwepo. Baada ya siku zote zile za chupa, bado yalikuwepo.

Nikasogea nikamshika bega, nikasema kwa kidani, "Pole, mwanangu."

Alishtuka kama aliyeguswa na moto. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, mbele ya watu wote, akasema taratibu, "Mama, nyamaza. Ni wewe uliyeniambia."

Hakuna aliyemkemea. Baadhi yao walikuwa na bangili mikononi, na niliona wanazifunika kwa kanga. Niliinuka nikaenda kukaa jikoni. Kuanzia siku ile sikusema neno ndani ya nyumba yangu. Nikitaka kitu nilionyesha kwa kidole, na nikitaka kusali kwa sauti nilitoka nje.

*

Afueni ilimtuma Aikande Mrutu kuja kutupa pole. Ni binti wa milimani, wa umri wa Kidawa, ndiye aliyenisimamia wakati wa kurekodi. Nilitaka sana aje na viatu vya kisigino na maneno ya kuandikiwa, nipate mtu wa kumchukia vizuri. Akavua viatu mlangoni, akaketi chini, akalia mpaka makamasi yakamtoka. Naye ana mtoto mdogo.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, mbali na masikio ya Kidawa. Nikamuuliza kopo lilikujaje kwa mzazi ambaye kanga yake ilikuwa inachuruzika. Akanionyesha kumbukumbu: siku ya tatu, swali, jibu, upungufu, tuma.

"Bi Nesi," akasema, "wahandisi walikuuliza siku ile. Walisema, mama akijibu kwamba maziwa ni kidogo, Somo afanye nini?"

"Nikasema nini?"

"Ukasema, 'Mwangalie mtoto.'"

Ndivyo nilivyosema, sasa nilikumbuka. Swali langu halikuwa la kujibiwa. Lilikuwa la kumtuliza mama, awe na la kusema wakati mimi nainama kumtazama mtoto: nepi imelowa mara ngapi, mdomo una unyevu, utosi umekaa vipi. Jibu la mama sikuwahi kulitegemea hata siku moja. Bangili haina macho. Wahandisi walifika pale penye "mwangalie mtoto", wakaona hawana cha kuangalizia, wakaweka kopo.

Nikamweleza Aikande habari ya kijicho. Nilimweleza kwamba hakuna mwanamke wa pwani, mwenye maziwa au asiye nayo, ambaye angejibu vingine. Haikuwahi kunijia kuwaambia wale wahandisi, kama ambavyo haingenijia kuwaambia kwamba watu hulala wamefumba macho. Swali nililifundisha mimi. Jibu nalo nililifundisha mimi, kwa binti yangu, nikiwa namsuka nywele.

 Aikande akasema kwamba ofisini waliliona mapema, mwezi wa pili tu tangu Somo aanze kazi. Pwani wazazi tisa kati ya kumi walikuwa wanasema maziwa ni kidogo; bara hawakufika wanne. "Walifurahi," akasema. "Walisema soko la pwani sasa limefunguka. Niliuliza kwa nini itofautiane hivyo, bosi wangu akaniambia habari njema haiulizwi imetoka wapi."

"Liondoeni hilo swali."

"Halitoki peke yake. Kila badiliko la Somo linapita kwenye bodi ya dawa, miezi tisa ikienda vizuri. Na ofisini hawatalipeleka, Bi Nesi. Nisikudanganye." Akatazama chini, akaongeza, "Lakini sauti ni yako. Kifungu cha mwisho kinakuruhusu kuiondoa, na ukitia sahihi, inafutwa siku ya saba baada ya hapo, saa sita mchana. Sauti haigawanyiki. Somo atakuwa bubu pwani nzima mpaka wapate mtu mwingine, labda mwaka. Atanyamaza kwenye kopo, na kwenye mengine yote pia." Hakumalizia, akagusa shingo yake mwenyewe kunionyesha.

"Na mimi," nikasema.

"Na wewe."

*

Habari kwetu haihitaji kunguru kuibeba. Kesho yake alikuja Tausi, jirani wa nyumba ya tatu, tumbo limeshuka, mkono kiunoni. Akanisalimu shikamoo, akakataa kiti, akasema ameambiwa nataka kumzima Somo.

Uzazi uliopita Tausi alimwaga damu nyumbani, siku ya pili, kila mtu kalala mchana. Somo alisikia mapigo yake yanakimbia na maneno yake yanaburuzika. Aliita gari, akamwamsha mama mkwe kwa kupiga kelele, akamwelekeza jinsi ya kulisugua tumbo la uzazi likaze mpaka gari lilipofika. Mama mkwe yule mpaka leo akinikuta njiani hunibusu mikono, kana kwamba nilikuwepo.

"Salha alikuwa mmoja, Mungu amrehemu," Tausi akasema. "Na mimi ni mmoja, Bi Nesi. Hapo unachaguaje?"

Nikamwambia siku zake zikifika nitakuja mwenyewe, nikae naye usiku na mchana mpaka hatari ipite.

"Najua utakuja. Lakini wewe uko hapa. Huko vijijini wenye bangili ni maelfu, nao watasuguliwa na nani?"

Hakusema kwa ubaya.  Nilimsindikiza hadi kwenye njia nikamtazama akienda, ananesa kwa ule mwendo wa wiki za mwisho, bangili iking'aa kila mkono ukirudi nyuma.

Siku mbili nililiwaza hilo. Ningejua la haki ningelifanya siku ya kwanza, sijui mpaka leo. Mwisho niliwaza hivi: damu inaonekana. Inaonekana kwenye shuka, inaonekana usoni, na ipo mikono katika nyumba inayoweza kufunzwa kuitambua. Shaka haionekani popote. Inaingizwa kwa mzazi siku ya tatu, wakati amechoka na mtoto analia, na haiachi alama yoyote mpaka maziwa yakauke. Na hii iliingia imevaa sauti yangu, sauti ambayo wanawake wale walikuwa wameifungulia mlango wenyewe.

Nikatia sahihi.

Tausi alijifungua salama. Nilikuwepo, nilisugua mimi. Lakini mwaka ule wanawake wawili wa vijiji vya juu walikufa kwa damu, wakiwa na bangili bubu mikononi. Labda Somo angewaokoa, labda asingewahi. Majina yao yako ukurasa wa kwanza wa daftari hili, juu ya jina la Salha. Sijamwambia mtu yeyote kwamba mikono yangu ni misafi.

*

Siku ya saba ilikuwa Jumatano. Nilikaa barazani tangu asubuhi. Watu walidhani nitazunguka mtaani kuaga, au nitasema maneno ya kukumbukwa, maana walijua ninavyopenda kusema. Sikuwa na hamu. Mtu pekee niliyetaka kusema naye ndiye ambaye sauti hiyo ilikuwa inamchoma.

Kama saa sita kasorobo Kidawa alitoka ndani. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu nami tangu matanga. Alikuwa amekonda, kanga ameifunga juu ya kifua kwa nguvu, kama tulivyowafundisha wazazi waliofiwa ili maziwa yakate. Mkononi hakuwa na bangili. Ilikuwa imeacha mduara mweupe.

Akauliza saa ngapi itaisha. Nikamwonyesha vidole sita.

Alikaa anatazama njia. Tulisikia kibanda cha maji kikikoroma, na mtoto wa mtu nyumba za mbele akilia kisha akinyamazishwa. Kidawa alikaza viganja juu ya magoti mpaka kile kilio kilipokatika.

"Mama," akasema, "niulize."

Sikuelewa. Nikamtazama.

"Niulize kama ulivyoniuliza siku ya tatu. Kabla haijaondoka. Safari hii nitajibu kweli."

 Nilikuwa nimeapa nisiliseme tena swali lile maisha yangu yote. Lakini aliyeniomba ni yeye. Nikaanza mwanzo kama ilivyo kawaida yangu, nikamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka salama. Nikamuuliza habari ya kidonda, akasema kimepona. Nikanyamaza kidogo, kisha nikauliza.

"Na maziwa? Anashiba?"

"Ni mengi, mama," Kidawa akasema. Alisema kwa sauti ya juu, ya kusikika hadi njiani, mwanamke aliyefundishwa maisha yake yote asilitamke hilo hata kwa kunong'ona. Hakuwa na mtu tena wa kuonewa kijicho. "Ni mengi sana. Yananilowesha mpaka kitandani. Anashiba, mama. Alikuwa anashiba."

Nilifungua kinywa kumwambia najua, kwamba niliona, kwamba nilisimama pale mlangoni na bakuli la uji nikaona kila kitu kwa macho yangu. Midomo ilitembea. Hakikutoka kitu. Saa sita ilikuwa imefika.

Basi nikafanya kile nilichokuwa nikikifanya kila mara baada ya swali lile, miaka thelathini na nane, bila kufikiri. Niliinama kumwangalia mtoto. Kidawa akaniacha niangalie, mikono yake imekaa wazi mapajani, haina kitu.